Chanjo Isiyoacha Kovu

Mama alipofariki, chupa ya dawa aliyotoka nayo zahanati ilikuwa bado nusu. Niliitazama siku nyingi chupa ile. Baba alikuwa ametangulia, kwa hiyo niliacha shule darasa la tano nikawalea wadogo zangu wawili. Tangu hapo dawa ya mtu nisiyemjua haikupita mlangoni kwetu Temeke bila kuulizwa.

Ndiyo maana balozi wetu wa nyumba kumi alipopiga hodi pamoja na muuguzi mwenye kisanduku cha barafu, nilisimama mlangoni, kitinda mimba wetu kajificha nyuma ya kanga yangu.

"Matone ya kuzuia kupooza," balozi alisema. "Afungue mdomo tu, kisha tutarudi tena kumwongezea."

Ugonjwa wenyewe niliujua. Mdogo wangu wa kati alishikwa na homa, ilipomwachia akabaki anaburuta mguu. Nisichokijua ni hayo matone. Chanjo ya ndui sote tulikuwa nayo begani, kovu unaligusa kwa kidole. Hii haichomi, haivimbi, haiachi alama. Nitajuaje kama si maji?

"Shikamoo, sista," nikamwambia muuguzi. "Kwetu anayemkaribisha mtu uji huonja kwanza, aondoe uchawi."

Balozi alishika kichwa. "We binti! Dawa ya serikali unaiondolea uchawi?"

"Marahaba," muuguzi akajibu huku anacheka, akajidondoshea tone ulimini. Nikamtaka ameze, kisha afungue mdomo nione.

"Haya mama mkwe, nimemeza. Umeridhika?"

"Ndani mna nini?"

"Vidudu vyenyewe vya kupooza. Vimedhoofishwa."

Nilimvuta mtoto nyuma. "Kumbe mnamletea ugonjwa!"

Alitua kisanduku, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Akaeleza kwamba kidudu kikali huingia mdomoni kwa maji machafu na mikono, kikazaana utumboni kabla ya kushambulia mishipa ya fahamu. Matone hupita njia ileile. Utumbo hupambana na hivyo vidhaifu, na vita vikiisha baadhi ya walinzi hubaki palepale kwenye kuta zake, wanaikumbuka sura ya adui.

"Kama huyu," akamnyooshea balozi kidole. "Mgeni akilala kwenye nyumba zake kumi, asubuhi anazo habari."

"Usiku huohuo," balozi akamsahihisha.

"Kama wanakumbuka, mbona mtarudi tena?"

"Wewe jedwali la kuzidisha ulifundishwa mara moja tu ukalishika?"

Jedwali la saba linanipiga chenga mpaka leo. Nikamtoa mtoto nyuma ya kanga.

Walirudi, na kila waliporudi sista alianza kufungua mdomo akiwa bado njiani, kunikejeli. Alionja hata hivyo. Lakini kovu sikuliona. Basi kila asubuhi nilimwamuru kitinda mimba akimbie hadi bombani na kurudi, nami naangalia miguu yake. Ugonjwa uliposhika watoto mtaa wa pili, nilimkimbiza asubuhi na jioni. Wa kati alikaa kizingitini akimshangilia.

"Dada, nimechoka!"

"Kimbia."

Sasa kitinda mimba huyo ana wajukuu. Akija kunisalimia, tukishaagana nabaki mlangoni nikimtazama anavyokanyaga, mguu huu na huu, mpaka anakata kona.