Mkia wa Mijusi wa Stoo

Miaka kumi na moja Bi Fagio amefanya usafi kwenye kituo cha utafiti wa wanyama, na miaka kumi na moja mijusi kafiri wa stoo wamemnyea sakafu hata deki haijakauka. Dawa yao alikuwa nayo: ufagio wa mpini mrefu. Chap! Mjusi mbio, mkia unabaki chini ukijichezea wenyewe. Alifanya kwa siri, maana mkurugenzi alishatangaza: atakayempiga mnyama humu, ajihesabu hana kazi.

Asubuhi moja akamkuta mtaalamu mpya, aliyesomea nyoka hasa, ameinamia darubini huku akipiga mluzi.

"Mama, njoo uone! Mijusi wa stoo ni spishi mpya. Hawajulikani popote duniani! Mchana naituma makala."

"Hawa hawa wanaoninyea?"

"Hawa hawa. Sikiliza." Akasoma: "'Koo lina madoa ya njano. Mkia ni mfupi, mnene, butu kama kidole gumba.' Nimekamata tisa, wote wako hivyo!"

Ndoo ikamponyoka Bi Fagio. Maji yakatapakaa hadi chini ya kabati, wala hakuyaona. Akinyamaza, mtoto wa watu atachekwa dunia nzima. Akisema, kazi hana, na nyumbani wajukuu watatu wanamtazama yeye.

"Mwanangu," akasema, "futa mkia."

"Nifute?"

"Hawakuzaliwa hivyo. Niliwakata mimi kwa ufagio. Huo umeota upya."

Mtaalamu akabaki mdomo wazi kama droo. "Wote tisa?"

"Na wengine hujawakamata. Nina shabaha."

Akamvuta hadi stoo, nyuma ya boksi la mita ya umeme, pasipofikika kwa ufagio. Mtaalamu akamulika. Mjusi ametulia, madoa ya njano kooni, na mkia mrefu, mwembamba kama kamba ya kiatu, una pete nyeusi na nyeupe.

Mtaalamu akasogeza tochi karibu.

"Ni mpya kweli," mtaalamu akanong'ona. "Na mimi nilikuwa nauelezea ufagio!"

"Mkurugenzi utamwambia?"

"Makala haina uongo, Mama. Lazima niseme ile mikia ilikatika vipi." Akaandika, akafuta, akaandika tena, kisha akamsomea: "'Mikia ilikatika walipokuwa wakifukuzwa.'"

"Na nani?"

"Hapo sijaulizwa."

Bi Fagio akajishika kiuno. "Wakifukuzwa. Sawa, iache hivyo. Maana busu sikuwapiga."