Ng'ombe wa Baba Hawahesabiwi

Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, nilikuwa daktari wa mifugo Kitale, na usiku na mchana nilitamani kurudi kwetu Sirisia. Njia niliiona moja tu: kuomba fedha za utafiti wa ndigana, homa ya kupe iliyokuwa ikimaliza ndama wetu tangu josho la kijijini lilipokauka. Nikizipata, ningefanya kazi katika boma la baba. Utafiti niliutaka, ndiyo, lakini baba nilimtaka zaidi.

Wafadhili waliulizia idadi ya ng'ombe wa kila boma, nami nikaenda nyumbani kumuuliza baba. Hapo mambo yakakwama, maana kwetu ng'ombe aliye hai hahesabiwi.

"Mama," baba aliniambia, kwani nilirithi jina la mama yake, "gunia ya mahindi ndio inahesabiwa. Ng'ombe ukihesabu, si unaziitia kifo?"

"Sasa niandike nini, baba?"

"Andika vile ziko."

Akavuta kigoda, akaanza. Yule mweusi aliyekuja na mahari ya shangazi. Yule wa madoa, ambaye mama yake alinunuliwa Kimilili siku ya mvua ya mawe. Yule mwekundu anayempiga teke kila mtu isipokuwa baba. Jua lilizama bado anasimulia, nami naandika huku nikicheka.

Niliporudi Kitale, ningeweza kuhesabu mistari yangu mwenyewe nikapata idadi. Nilishika kalamu, mkono ukakataa. Nikapeleka ombi vilevile, kichwa kigumu kama aliyenizaa. Wakanijibu kwamba masimulizi ni mazuri, lakini idadi iko wapi?

Mwaka uliofuata niliomba kuchunguza ng'ombe wa mashamba makubwa ya Kitale, wanaovaa nambari masikioni. Fedha zikaja upesi. Nikajiambia nitamaliza haraka, kisha niende nyumbani. Kila asubuhi nilisoma masikio na kunakili nambari, na kila asubuhi nilimkosa baba.

Sikuwa nimemaliza alipofariki.

Baada ya mazishi, kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi Nairobi alisimama nami langoni mwa boma. Mali ilikuwa igawanywe.

"Wewe ndiye daktari," akasema. "Baba ameacha ng'ombe wangapi?"

Nikamwambia sijui, avute kigoda, nikaanza na yule mweusi.