Walipokuja Kupima Hewa

Kila ninaponusa nailoni iliyopigwa na jua, hapa Gitega ninapoishi, pua hunirudisha kijijini kwetu Gasorwe, kwenye maharage yetu, asubuhi ile ya kupimwa.

Hatukuwa tumekaa sana tangu turudi kutoka Tanzania. Nusu ya shamba la babu tulikuta inalimwa na jirani, mzee Balthazar, aliyeishika miaka yote ya ukimbizi wetu. Yeye na mama hawakusalimiana. Walipishana njiani kama watu wasioonana.

Gari likasimama, akashuka dada mmoja kutoka Gitega, mpole, viatu vimejaa matope. Mkuu wa kilima, yaani kiongozi wa kijiji chetu, alikuwa amemruhusu, ila sisi hatukuambiwa. Akakita fremu ya chuma kuzunguka mashina ya maharage, karibu kabisa na mpaka, akaifunika kwa sanduku la nailoni lililounganishwa na mashine. Mama alipomuuliza anafanya nini, akajibu kuwa anapima.

Neno hilo, ndugu zangu, kwetu sisi tuliorudi lilikuwa na maana moja tu. Mama akaketi kando ya sanduku, akanyoosha miguu. Dada akaeleza kwa subira kwamba hapimi ardhi. Anapima hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, ajue maharage yanavuta kiasi gani na kurudisha kiasi gani. Mama akanung'unika kwamba wakianza na hewa, watamalizia na udongo.

Mara mzee Balthazar akaja, jembe begani. Nikashika kitenge cha mama. Lakini mzee hakuwa na habari na dada.

“Mama Neema, huyu ni we ulimuita?”

“Mimi? Nilidhani ni wewe, mzee.”

“Hapana. Mi niliona gari, nikasema basi, sasa wananitoa.”

Wakasimama wote wawili wameliinamia sanduku, wakihema, mpaka dada akawaomba, kwa haya, wasogee: mashine ilikuwa inasoma pumzi zao badala ya za maharage. Nilicheka peke yangu. Wakasogea, wakaketi kwenye nyasi za mpaka, wakailinda kazi ile hadi ikaisha. Nilimsikia mzee akiuliza mbegu tumeitoa wapi. Mama akasema Kasulu, kule Tanzania.

Mpaka rasmi uliwekwa baadaye, baada ya maneno mengi, na hakuna aliyepata yote aliyoyataka. Ila wapatanishi wa ardhi walipofika, wawili hao walikuwa wanasalimiana tayari.

Kwa muda mrefu niliamini kuwa maelezo mazuri ya dada ndiyo yaliyowatuliza. Leo najua mama hakusadiki hata neno moja kuhusu hewa. Alichokisadiki ni uso wa mzee yule: naye aliogopa kufukuzwa.