Mtani wa Mumiani

Siku ya kwanza niliyotumwa kwake nilimkuta amekufa. Alikuwa amelala chali juu ya zulia, nywele zimetandazwa, mkono mmoja kwenye paji la uso, midomo myekundu. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani hapa Croydon, na maiti si kitu kigeni kwangu, lakini sikuwahi kukuta maiti iliyobandika kope za bandia. Nikapiga simu ya ambulansi. Nilikuwa nataja anwani jicho moja lilipofunguka.

"Mkono," akaniuliza, "uko juu vya kutosha?"

Ambulansi ilikuja hata hivyo. Wahudumu wakampima presha, yeye akawasainia picha zake za ujana, na mimi nikasimama jikoni nimenuna. Sikupanda mabasi mawili asubuhi ile ili nichezewe shere.

Alikuwa Mjerumani, mrembo wa sinema za zamani za kutisha, zile ambazo dunia imezisahau na watu wachache wanaziabudu. Kazi yake ilikuwa moja: bibi wa ngome anayenyonya watu damu. Kwetu Songea tungemwita mumiani. Katika kila filamu aliuawa mwishoni, polepole sana, ndani ya gauni lisilomtosha kifuani. Binti yangu, mzaliwa wa huku, alizitazama kwenye simu akasema, "Mum, she's iconic." Nilimwuliza kwa Kiswahili kama hiyo iconic inalipa kodi ya nyumba, akarudi kwenye simu yake.

Nilichokuja kugundua ni kwamba yule mama alikuwa mchekeshaji. Alinisimulia jinsi wenzake walivyokwenda kula wakamsahau ndani ya jeneza, na jinsi meno yake ya bandia yalivyonasa kwenye shingo ya mwigizaji mwenzake, ikabidi waitwe mafundi. Hakusimulia tu, aliigiza yote, huku ameshikilia kigari chake cha kutembelea. Nilicheka mpaka uji ukaungua.

Lakini hakuna mwongozaji aliyewahi kumpa sehemu ya kuchekesha. Walimwambia uso kama ule haukuumbwa kwa ajili hiyo. Mashabiki wake ndio walikuwa wabaya zaidi. Walikuja Jumapili na maua, wanaume watu wazima waliovaa nyeusi, wakakaa kwenye kochi kama wako kanisani. Aliwasimulia kisa cha jeneza, wao wakatikisa vichwa kwa majonzi. Walipoondoka aliyatupa maua kwenye sinki.

"Nimetaka kitu kimoja maisha yangu yote," aliniambia. "Ukumbi mzima ucheke kwa sababu yangu. Hawa wananitazama kama kaburi." Alisema hivyo bila kope, nikajua hachezi.

Nikamwambia kwetu angechekewa hata msibani. Nikamweleza habari za watani. Sisi Wangoni watani wetu ni Wanyamwezi, na baba yangu alipofariki mmoja wao alijilaza kwenye mkeka kabla maiti haijatoka, akakoroma kama marehemu, akaamka kudai ugali mwingine. Mama yangu, ambaye tangu msiba uingie hakuwa ametia kitu mdomoni, alicheka mpaka akashikilia nguzo. Mtani hakasirikiwi.

"Na mtani wangu ni nani?" akauliza.

Nikamjibu utani hauokotwi njiani. Watu huurithi kwa mababu waliopigana, kisha wakapatana.

Akafikiri. "Babu zangu na babu zako walipigana?"

"Hawakupigana tu. Mlitufuata kwetu, mkawanyonga wazee wetu."

Sikuwa natania. Songea kila mtoto anajua walikozikwa wale wazee wa Majimaji. Tramu ilipita chini barabarani. Sijui shetani gani akanipanda, nikaongeza, "Nyie mlianza umumiani hata kabla ya sinema."

Nilidhani kibarua kimeota nyasi. Alinikazia macho, kisha akacheka, akacheka mpaka kope moja ikadondokea kwenye chai.

"Basi sisi watani," akasema, akijifuta machozi. "Ukiwaacha wanizike kwa heshima, nitakurudia."

Nilimwambia hayo si mambo ya watu wawili kuamua wakinywa chai, kuna wazee wa kuulizwa. Hakunisikiliza. Tangu siku ile aliutukana ugali wangu, nami nikalitukana taifa lake lote, na kila jioni kabla sijaondoka alinifundisha kufa. Magoti kwanza, kisha bega, kisha nywele. "Mkono juu zaidi!" alifoka. "Unakufa kama mtu anayengoja basi."

Alikufa hospitalini bila kuigiza chochote. Mpwa wake, aliyesimamia mazishi, aliniomba nitoe neno moja kama mtu aliyemtunza. "Fupi," akasema, "na la heshima, tafadhali."

Ukumbi ulijaa nguo nyeusi. Wale wanaume wa Jumapili walikaa mbele, nyuso zimewashuka. Nilijua nikisema maneno ya heshima nitarudi nyumbani salama, naye atakuwa amekosa kile kitu kimoja, safari hii moja kwa moja.

"Msiwe na haraka ya kulia," nikasema. "Huyu nimemkuta amekufa mara nyingi. Kila mara aliamka akataka chai."

Mtu akakohoa. Basi nikapiga magoti pale mbele ya jeneza, mama mzima na gauni langu la kanisani, nikaenda chini polepole, bega, kisha kilemba kwa kuwa nywele sina, mkono kwenye paji la uso. Nikafungua jicho moja.

Mmoja wa wale wanaume alipasuka kicheko, kikamtoka kama chafya. Akafuata wa pili. Mpwa alijaribu kujizuia akashindwa, halafu ukumbi mzima ukacheka, watu wanashikana mabega, na jeneza liko katikati yao.

Mimi niko chini, nangoja. Nilikuwa nangoja aniambie mkono juu zaidi. Hakuna aliyesema. Nikaunyanyua mwenyewe, nikaanza kulia kwa sauti pale kwenye zulia, maana nilikuwa nimempenda, na wao wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakazidi kucheka.