Mpishi wa Msafara wa Binti Yangu

Mwenda pole hajikwai, wanasema. Mimi nimejikwaa maisha yangu yote na bado nimefika kabla ya wenzangu. Miaka mingi nilivuka mpaka kwa miguu kila asubuhi, kutoka Gisenyi kwenda Goma, beseni la nyanya kichwani, na huko anayechelewa anarudi na beseni lake zima. Miguu yangu ilijifunza hivyo, na ulimi wangu pia. Kunyamaza nikiona jambo linakwenda mrama ni kazi nisiyoiweza. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani kwamba nilichofanya msituni nilikifanya kwa ubaya.

Binti yangu, kifungua mimba wangu, alikuwa amefanya kazi miaka miwili katika kampuni ya kutembeza wageni, akishika mkia wa mstari na kubeba mizigo. Alibakiza mtihani mmoja ili awe kiongozi: safari ya siku tatu, mbili kwa miguu katika msitu wa Gishwati na ya tatu kwa boti la mpira mtoni, na wageni wa kweli, huku kiongozi mzee wa kampuni akimtazama bila kumsaidia. Akifaulu, angepewa misafara yake mwenyewe. Akishindwa, angerudi mkiani.

Siku chache kabla ya kuondoka, mpishi wao alipata harusi ya dada yake kule Rubona. Nilimsikia binti yangu akihangaika kwenye simu, nikasema mimi nitapika. Hakufurahi hata kidogo.

"Bon, sawa," alisema mwishowe. "Lakini kule musituni mi niko shefu, mukubwa wa safari. We uko mupishi, hauko mama yangu. Unasikia?"

"Nimesikia."

"Nikisema kitu, hapana kubishana."

"Nimesikia, mbona unanifokea?"

Nilikubali haraka, kama mtoto anayekubali kunywa dawa ili tu aachiwe mkono. Ukweli ni kwamba niliogopa. Binti yangu alikulia kando ya Kivu na anaogelea vizuri, lakini ziwa letu limetulia mahali pake. Mto unakwenda. Nilitaka kuwa karibu naye, ingawa mimi mwenyewe ziwani huishia kuosha miguu, na sijui ningemsaidia nini majini.

Tuliondoka asubuhi, gari likapanda kupitia Kanama kati ya mashamba ya viazi hadi ukingo wa msitu. Wageni walikuwa wanne, wafanyakazi wa ofisi moja huko Kigali, wanawake wawili na wanaume wawili. Mmoja wa wanaume alikulia Tanzania. Alinipa shikamoo kila tulipoonana na Kiswahili chake kilikuwa kama cha taarifa ya habari. Kiongozi mzee alikuwa mtu wa hapa hapa Gisenyi, wa ukoo wa Waislamu wenye maduka ya vitambaa. Aliswali kwa saa zake, alikula nilichopakua, na hakusema neno. Sijapata kumwona mwanaume mkimya namna ile. Kimya chake kilinikera kuliko tope.

Na tope lilikuwepo. Na upupu, na mizizi, na vilima vinavyopanda tena pale unapodhani vimekwisha. Sheria ya binti yangu ilikuwa moja: hakuna mtu kumpita kiongozi. Alikwenda polepole makusudi, akisimama kuwaonyesha wageni kiota cha sokwe juu ya mti, au jani lililotafunwa. Mimi mgongoni nina sufuria mbili, na kichwani nawaza maharage ambayo hayajaanza hata kuchemka. Mara mbili nilijikuta mbele yake.

"Mupishi, nyuma!" aliniita mbele ya wote.

Nilirudi nyuma. Nilikasirika, lakini nilirudi.

Siku ya pili alichagua mahali pa kulala: bonde dogo kando ya kijito, limezungukwa na miti minene. Wapagazi wanne, wanaume wa vijiji vya pale, wakasimamisha mahema. Binti yangu akawachukua wageni na yule mzee kwenda kutazama maporomoko, mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi. Nikabaki na wapagazi, jiko na lile bonde.

Mtu wa kwetu halali bondeni. Kuanzia Goma hadi Gisenyi ardhi ina pumzi mbaya inayotoka chini, tunaiita mazuku. Haina rangi, na mara nyingi hata harufu haina, na inakaa kwenye mashimo na mabonde kama maji. Tulipokuwa bado tunaishi upande wa Congo niliona mbuzi wa jirani yetu amelala shimoni asubuhi, macho wazi, kana kwamba anacheua. Alikuwa amekufa. Tangu hapo, nikiona mahali pamebonyea, sikai. Nikayatazama yale mahema manne chini pale, na jua linashuka, na moshi wa jiko langu haupandi, unatambaa.

"Tuyahamishe," niliwaambia wapagazi. "Pale juu, kwenye mgongo wa kilima."

Mkubwa wao alicheka. "Mama, huku hakuna mazuku. Hii si nchi ya volkano yenu. Na shefu amesema hapa."

"Shefu nimemuzaa mimi," nikasema. "Mi ni mama yake. Hamisha."

Wakahamisha. Nani angebishana na neno hilo? Niliwasaidia mwenyewe kubeba vigingi, na nilipomaliza niliona raha. Nilidhani hata atanishukuru.

Mvua ilifika pamoja na binti yangu na wageni wake. Walitokea msituni wakikimbia, na upepo nao ukapanda ule mgongo wa kilima bila mti wa kuuzuia. Hema la kwanza liling'oka mbele ya macho yetu. La pili nguzo yake ilivunjika. Walishika kamba, walivuta, walipiga kelele, na yalipotulia kila blanketi lilikuwa limelowa. Chini, bondeni, majani ya miti yalikuwa yanatikisika kidogo tu.

Yule mgeni aliyekulia Tanzania alikuwa amesimama na begi lililojaa maji mkononi. "Samahani," aliuliza kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyonichoma, "ni nani aliyeamuru mahema yahamishwe?"

Kiongozi mzee akamtazama binti yangu. Wapagazi wakatazama viatu vyao. Binti yangu akanitazama mimi, muda mfupi tu.

"Mimi ndiye ninayeongoza," alisema. "Kosa ni langu. Mutusamehe."

Na mimi, mwenye ulimi usiotulia, mimi niliyemjibu kila askari na kila tajiri wa Goma, nilinyamaza. Niligeuka nikachochea moto. Mpaka leo nikilikumbuka hilo nasikia aibu usoni. Nilikuwa naogopa, na hofu yenyewe ilikuwa ya kijinga: niliogopa yule mzee ataniona mimi ni mpumbavu.

Asubuhi tulishuka hadi mtoni, upande wa pili wa msitu. Maji yalikuwa mekundu, yamevimba kwa mvua, na yalikuwa yanapiga kelele. Boti lilishajazwa upepo. Ilipangwa kwamba sote twende nalo. Gari lingebeba mizigo tu. Nilivaa jaketi la kuelea na kofia ngumu kabla ya kila mtu, nikachukua kasia na kuketi mbele. Binti yangu akawafundisha amri: mbele, nyuma, lala chini. Kisha akaja akasimama mbele yangu.

"Mama, toka. Vua jaketi. Utaenda na gari."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Nilimtazama yule mzee anisaidie. Alikuwa anatazama maji. Basi nikasimama, nikasema kwa sauti ambayo wote waliisikia: "Mahema nilihamisha mimi! Huyu hakujua kitu."

"Banajua, mama," alisema binti yangu, bila hasira. "Kila mutu anajua tangu jana. Vua jaketi."

Maji yakishamwagika hayazoleki. Nikalivua.

Sitasahau safari ile ya gari. Barabara inauacha mto, inauona, inauacha tena. Nilimsimamisha dereva mara tatu ili nichungulie, na mara ya nne alikataa, akasema tutafika kesho. Nilisali, nikamtukana dereva, nikamwomba radhi, nikasali tena. Tulipofika mahali pa kushukia, boti halikuwepo. Nilitembea ukingoni juu na chini hadi dereva akaniambia nitachimba mfereji. Nikachukua sufuria za jana nikaanza kuziosha.

Walitokea kwenye kona wakiimba. Binti yangu alikuwa nyuma, amesimama nusu, mdomo umepasuka na unavuja damu. Nilipiga ukelele, "Yebaba we!", lakini hakugeuka. Alihesabu wageni wake kwanza, mmoja mmoja, akiwagusa mabega. Yule wa Tanzania akanieleza huku anakamua shati lake: alirushwa majini kwenye mkondo mkali, na binti yangu akampigia kelele alale chali, akamvuta kwa kamba, kasia la mtu likampiga mdomoni.

"Kama ningebishana naye, mama, ningezama," alisema.

Kiongozi mzee akaja karibu na mahali nilipochutama. Kwa mara ya kwanza katika siku tatu alifungua kinywa, akamuuliza binti yangu, nami nasikia: "Juma lijalo iko wageni sita. Mupishi atakuwa huyu?"

Mimi nilishaanza kuitikia. Yeye alijibu kabla yangu, bila kunitazama.

"Hapana. Ni mama yangu, na hasikii mutu. Tutatafuta mwengine."

Mzee akampa mkono. "Bon. Hao sita ni wako."

Ndipo nilipoelewa kwamba swali lile lilikuwa bado ni mtihani. Nilimkasirikia mwanangu njia nzima hadi Gisenyi, na sikuwahi kuona fahari juu yake namna ile tangu siku niliyomzaa.