Koti la Rejeta ya Shaba

Karakana nzima ilimwita Bi Povu, naye hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kuzamisha rejeta za magari, zile za kupozea maji ya injini, kwenye pipa la maji, kuzipuliza upepo, kisha kutulia aone povu linatokea wapi. Penye povu ndipo panapovuja. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mumewe, pamoja na pipa lenyewe.

Jumatano alikuja dereva mstaafu, amekumbatia rejeta ya shaba kama mtoto mwenye homa. Gari lake, kongwe kuliko ndoa yake, lilikuwa limechemka mara tatu mlimani. Na Jumamosi mkewe alikuwa anatoka hospitali, nyumbani kwao ni juu ya mlima huohuo.

"Likichemka naye yumo ndani, mama, nitamkalisha wapi? Juani, kando ya barabara?" alisema. "Wenzangu wanasema ninunue ya alumini. Nyepesi, na inapoza haraka."

"Hawajadanganya. Hata mimi nazifunga." Mpya ilikuwa imening'inia ukutani kwake, ikisubiri mnunuzi. "Ila kwa gari lako itabidi tutoboe vyuma upya ndipo ikae. Na ikipasuka huko juu, nani ataiziba? Shaba hata fundi wa masufuria anailehemu. Tumpime mgonjwa kwanza."

Akaizamisha, akapuliza. Povu halikutoka. Akamimina maji juu, yakatiririka chini bila kusita; ndani hakukuwa kumeziba. Bi Povu akapitisha ukucha katikati ya vile vibati vyembamba vya kutolea joto. Ukucha ukatoka mweusi.

"Mzee wangu, rangi hii kapaka nani?"

"Mimi mwenyewe," alijibu kwa fahari. "Kila mwaka, mara mbili mbili. Rangi ya mafuta, ile ya milango."

Bi Povu alicheka mpaka akatafuta kigoda. "Umelivalisha koti zito, halafu unalipandisha mlima. Joto litatokea wapi?"

"Nilidhani nalitunza."

"Umelitunza. Umepitiliza tu."

Siku mbili alikwangua, kwa dawa ya kutolea rangi, mswaki mkuukuu na kijiti, upenyo baada ya upenyo, akimwomba Mungu kimoyomoyo. Haraka ingepinda vibati, naye hakupinda hata kimoja. Ijumaa shaba ilikuwa nyekundu kama siku ilipozaliwa, dereva akaichukua kuifunga garini.

Jumamosi mchana gari lilisimama mlangoni pa karakana. Mke wa dereva, amekonda lakini macho makali, alishusha kioo.

"Ndiye wewe uliyelivua koti? Mungu akubariki, dada. Milango ya jikoni kwangu haijaonja rangi tangu tuhamie, kumbe yote iliishia humu."

Dereva akajifanya anarekebisha kioo cha kutazamia nyuma.

Wakaondoka. Bi Povu aliacha rejeta ya mtu ndani ya pipa, akasimama barabarani kulitazama gari likipanda, kona ya kwanza, ya pili, hadi pale lilipozoea kuchemka. Halikutoa hata uzi wa mvuke. Likafika kileleni.

"Ashukuriwe Mungu," alisema, akarudi kwenye povu lake.