Mdomo Tuliompa Mwalimu

Dada yangu alikuwa na mkahawa kwenye safu ya maduka kando ya barabara kubwa inayopita College Park, huku Marekani. Kati ya mlango wake na barabara palikuwa na maegesho makubwa kuliko uwanja wa mpira, na muda mwingi yalikuwa matupu, maana wateja wake wengi hatukuwa na magari. Tulikuwa tukishuka basi ng'ambo ya barabara, tunangoja pengo kati ya magari, kisha tunakimbia na mifuko yetu. Nimevuka pale na sare yangu ya kuwaogesha wazee wa watu, mvua inaninyeshea, nikiwatukana madereva kwa Kiswahili safi. Ndani kulikuwa na chapati, maharage ya nazi na watu wa kwetu.

Kwa hiyo tuliposikia mpango mpya nilifurahi, na mtu asinisute. Wakuu wa mji walisema wataleta mabasi ya mara kwa mara na siku moja treni, njia za baiskeli, njia pana za waenda kwa miguu, na maghorofa yenye maduka chini pale penye maegesho. Nani angekataa? Ila safu yetu ingebomolewa, na hakuna aliyesema kwamba wapangaji wa zamani watarudishwa kwenye maduka mapya kwa kodi wanayoiweza. Dada alitaka neno hilo tu.

"Wajenge," alisema, "ila wanirudishe."

Kikao cha kutoa maoni kilipotangazwa, tulikutana mkahawani tukafanya kama tunavyofanya kwenye posa na misiba: tukachagua msemaji. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Tanga aliyekuwa akiishi kwa binti yake, Kiingereza chake kimepigwa pasi. Nesi mmoja Mkenya aliunga mkono kabla ya wote.

"Sawa basi, mwalimu ndiye ata-speak for all of us. Sisi tu-show up tu, waone vile tuko wengi."

Kinyozi wa duka la jirani, Mkongo, ambaye duka lake nalo lilikuwa njiani kubomolewa, akaitikia: "Ni vizuri. Papa mwalimu aseme, sisi tutakuwa nyuma yake."

Tukawa nyuma yake kweli. Tulijaza viti vya nyuma vyote, tumevaa nguo za kanisani na za Idi. Mwalimu alipoitwa alisimama wima, akafunga kifungo cha koti, akamsalimu mwenyekiti. Akawasalimu wajumbe, akaomba radhi kwa kutowataja mmoja mmoja. Akawashukuru kwa kutualika, akawashukuru wenye nchi kwa kutupokea, akawapa pole na kazi. Akawasifu kwa kuufikiria mji wao. Hakukosea hata kidogo. Kwetu anayetanguliza shida kabla ya salamu hasikilizwi.

Pale mezani palikuwa na kitaa cha kupima muda wa msemaji. Kilikuwa kijani, kikawa cha njano. Fika, mwalimu, nilikuwa nikisema kimoyomoyo, fika. Ndiyo kwanza ametamka kwamba sasa, kwa ruhusa yao, angependa kuingia kwenye jambo lililotuleta, kitaa kikawa chekundu. Mwenyekiti akamshukuru. Kipaza sauti kikazimwa.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine anayetaka kusema. Nikamgusa dada kiwiko.

"Nisimame baada yake?" akaninong'oneza. "Nimwaibishe mzee wa watu mbele ya Wazungu?"

Mdomo tulikuwa tumempa mwalimu, na mdomo ukishatolewa haunyang'anywi hadharani. Kinyozi alikuwa akiangalia viatu vyake. Nesi alikuwa amekunja mikono. Mwenyekiti alitutazama sote, akangoja kwa adabu, siwezi kumsingizia. Halafu akasema inatia moyo kuona jamii imejitokeza kwa wingi hivi kuuunga mkono mpango. Watu wakapiga makofi. Tukapiga na sisi, kwa sababu tumelelewa.

Walibomoa. Ghorofa likapanda, na pale palipokuwa na jiko la dada pakafunguliwa duka la kahawa ambayo hakuna mtu wa kwetu aliyeweza kuimaliza. Njia ya miguu ni nzuri, pana, na ina miti. Kituo cha basi kina paa. Kila tulichokililia kwenye ile mvua wamekileta.

Dada alihamia kwa mwanawe, mbali, kwenye mitaa ambako basi halifiki wala hakuna anayeuliza kwa nini. Hajui kuendesha gari. Anapika chapati za wajukuu wanaomjibu kwa Kiingereza, na siku zikipita bila mgeni hulala mchana. Ili nimwone ilinibidi ninunue gari, mimi niliyewatukana wenye magari miaka yote ile.

Jumapili nyingine huwa nampitia mwalimu twende kumsalimu dada. Tunapita barabara ile ile. Mbele ya lile ghorofa huwa napunguza mwendo, naye anafunga kifungo cha koti.

"Nilikuwa nafika," anasema.

"Najua, mwalimu," namjibu, na ninakanyaga mafuta, maana nyuma yetu wameshaanza kupiga honi.